Mwalimu Zima na wimbo wa mpishi

Saa mbili asubuhi, na mwalimu wa kompyuta ameshachoka.

"Zima," anasema.

Wanafunzi watano wanamtazama kana kwamba amewanyima hewa. Filamu yao fupi kuhusu kisima cha shule inatakiwa mashindanoni kabla ya saa sita mchana, na chini ya picha unavuma wimbo unaopigwa na kila redio.

"Lakini tumeupunguza mwendo, Mwalimu," anajitetea kiongozi wa kundi.

"Ukiiba baiskeli ukaipaka rangi, inakuwa yako?"

"Mwishoni tumemshukuru mwimbaji."

"Mwizi mwenye adabu. Zima."

Ndiyo maana wanamwita Mwalimu Zima. Kabla ya kufundisha, alipiga gitaa katika bendi ya harusi.

"Nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, nikasikia gitaa langu redioni linauza sabuni, wala hakuna aliyeniomba," anasimulia. "Nikawaambia waliokuwepo ni mimi ninayepiga. Wakacheka."

Mwaka jana filamu ya darasa lake iliondolewa mashindanoni kwa sababu ya muziki uliotumiwa bila ruhusa. Watoto walilia. Yeye alisingizia mafua.

Saa nne kundi linarudi likitabasamu. Sasa chini ya picha anaimba mwanamke, bila ala yoyote, sauti imetulia kama maji mtungini.

"Huyu si staa, Mwalimu. Ni mama mpishi. Tumemrekodi kupitia dirisha la jikoni."

Mwalimu anajishika kichwa. "Mmemwomba?"

"Si anaimba bure kila siku," ananong'ona mmoja.

Mwalimu anawaongoza hadi jikoni. Mpishi anaisikiliza rekodi, upawa mkononi, hadi mwisho.

"Huo hapana," anasema. "Nilimtungia mwanangu aliyefariki. Wanangu, mngeniuliza tu."

Kiongozi wa kundi anainamisha kichwa. "Tusamehe, Mama."

Mpishi anafunika sufuria. "Ninao mwingine wa kuchotea maji, nao nimeutunga mwenyewe. Huo chukueni. Ila jina langu liandikwe lote, na la baba yangu."

"Kwa herufi kubwa, Mama?"

"Kubwa. Macho yangu yamechoka."

Filamu inatumwa adhuhuri ikikaribia, jina la mpishi limejaa kioo kizima.

"Natamani siku moja niingie darasani nikute wameshaomba," anasema mwalimu akifuta jasho. "Hili jina la Zima lifie mbali."

Nyuma yake, kwenye kompyuta ya kundi jingine, wimbo wa redioni unaanza. Anashusha pumzi, anafungua mdomo. Kiongozi wa kundi anamtangulia.

"Nyie," anawauliza wenzake, "mmemwomba mwenyewe?"