Kopo Moja, Badala ya Saa Mbili

Bosi wangu alikuwa ameshakunywa nusu kikombe ndipo akauliza chai imepikwaje.

Ilikuwa saa nne asubuhi, dukani kwetu Mukendo, mjini Musoma, tunakouza vifaa vya ujenzi. Muda huo kila siku mmoja wetu huchemsha chai ya maziwa kwa ajili ya duka zima, na siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Bosi alinusa kikombe, akakunja uso.

"Ina harufu ya dawa. Umeweka nini humu?"

"Maziwa, bosi."

"Maziwa gani?"

"Yale uliyonipa."

Nikalitoa kopo chini ya kaunta nikaliweka mbele yake. Lina picha ya mtoto mnene anayecheka, wa kizungu, hajawahi kuumwa na mbu. Fundi aliyekuja kununua bawaba akasogea karibu ili asipitwe na kitu.

"Wewe binti, unataka kuniua?"

"Hapana. Ulisema mwenyewe lina kila kitu. Nimeweka vijiko sita tu."

"Haya ni ya watoto wachanga."

"Wangu ana miezi mitatu na nusu, na ulisema yanamtosha. Tumbo lako wewe lina uzoefu zaidi."

Fundi alicheka mpaka akashika kaunta. Bosi alisukuma kikombe pembeni, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Wenzangu walimaliza chai yao. Mmoja aliongeza.

Sikuwa nimepanga. Asubuhi ile nilikuwa nimemwomba nitoke nikanyonyeshe. Blauzi yangu ilikuwa imeshalowa sehemu mbili, na mteja mmoja alikuwa ananiuliza bei ya rangi huku anaangalia huko huko. Kutoka Mukendo mpaka kwangu Nyasho kwa bodaboda ni muda mfupi kuliko ule anaotumia bosi kupiga mswaki kwa kijiti chake mlangoni. Alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Si nilikupa kopo?" Basi nikaenda kupika chai.

Habari ya kopo ilianza siku niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, ili amlishe mtoto. Nilijua hilo kwa sababu nesi wa kliniki alituambia, na mimi jambo linalonihusu nikishalisikia halinitoki. Nilimwambia bosi. Akasema atalifikiria.

Siku ya tatu akatuita wote nyuma, penye mifuko ya saruji, akatoa hotuba. Alisema yeye ni mzazi. Alisema duka ni familia. Kisha akatoa kopo kwenye mfuko, akalinyanyua juu kama kombe la mpira.

"Hili linatoka nje ya nchi. Watoto wa wakubwa ndilo wanalokunywaga. Tangu leo mwenzenu hana haja ya kukimbiakimbia. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Sasa, pale dukani kwetu hakuna kitu kinachotoka bila delivari, ile karatasi ya kukabidhi mzigo. Hata msumari wa kupigilia saa ya ukutani uliandikiwa delivari. Bosi anaupenda muhuri wake kuliko anavyoupenda mguu wake wa kulia. Akafungua kitabu, akaweka kaboni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, huku anasoma kwa sauti: "Kopo moja, maziwa ya mtoto. Badala ya saa mbili za kunyonyesha." Akagonga muhuri. Chini yake kuna maneno yaliyochapwa tangu kiwandani, kwamba mali ikishapokelewa haitarudishwa.

Nikasaini. Ndiyo, nilisaini. Watu walikuwa wanapiga makofi, kifua kinaniuma, na nilikuwa nina siku tatu tu tangu nirudi kazini. Akanipa nakala ya njano, yeye akabaki na nyeupe. Niliikunja nikaiweka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Nilipofika nyumbani nililia kidogo, kisha nikaliangalia kopo vizuri. Maelekezo yalikuwa kwa lugha nne, Kiswahili hakimo. Kiingereza changu cha fomu foo kilitosha kusoma mstari wa juu kabisa, ulioandikwa kwamba maziwa ya mama ndiyo bora kwa mtoto. Kopo lilikuwa na akili kuliko aliyelinunua. Kesho yake nililirudisha dukani, likakaa chini ya kaunta bila kufunguliwa.

Sina ugomvi na kopo. Jirani yetu pale Nyasho alilea mtoto wa marehemu dada yake kwa makopo, na yule mtoto leo anakimbiza kuku wetu. Kopo liliumbwa kwa ajili ya shida kama ile. Lakini niliiona kazi yake. Maji yachemshwe mpaka yatokote, na bombani yanatoka siku yanapojisikia. Chupa ichemshwe. Kijiko kisizidi, kisipungue. Mwisho wa mwezi kopo likikaribia kuisha, anayelea anaanza kukoroga mepesi ili yafike, na mtoto anakunywa maji yenye rangi, anashiba tumbo bila kunenepa. Maji yasipochemka vizuri, anaharisha. Mimi maziwa yangu hayahitaji mkaa. Yana joto lake, yana vipimo vyake, na nesi alinieleza kwamba nikipata mafua, mwili wangu unatengeneza kinga na kumpelekea mtoto humo humo. Kopo halijui kama pale nyumbani kuna mtu anakohoa. Nilikuwa nayo ya kutosha. Kilichopungua ni ruhusa tu.

Baada ya chai ile, bosi hakunifukuza. Alifanya kitu cha mtu mwenye muhuri. Jumatatu nilikuta barua: nimehamishiwa tawi la Bunda, kuanzia wiki ijayo, "kwa maslahi ya duka".

Mume wangu, ambaye ananunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kuuza, ni mtu wa amani. Alisoma barua akasema, "Basi mtoto aende Butiama kwa mama. Wewe ukapange Bunda. Wikiendi mnaonana."

"Na atakula nini katikati ya wiki?"

Akaangalia kopo, nililokuwa nimelirudisha nyumbani baada ya ile chai. Nikamwambia aliangalie vizuri, kwa sababu akilitaja ndilo litakalokuwa chakula chake cha jioni mpaka liishe.

Hata hivyo tulikwenda Butiama Jumamosi ile kuongea na mama mkwe. Nilikuwa na wasiwasi naye. Nilipojifungua alikuja hospitali na chupa ya maziwa ya ng'ombe kwenye kikapu. Na alipoona yale maziwa yangu ya kwanza, ya njano na mazito, alisema ni mabovu, yamekaa sana, niyakamulie chini. Nesi alimzuia. Mama mkwe hakumsamehe yule nesi. Kila akija Nyasho aliulizaga kama bado yuko kazini.

Tulimkuta zizini. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa amezaa alfajiri hiyo, na mama mkwe alikuwa amemshika ndama kichwa, anamsogeza kwenye chuchu. Ndama anatetemeka, hajui pa kuanzia. Maziwa yakaanza kutoka, ya njano, mazito.

"Mama," nikasema, "hayo si mabovu?"

"Mabovu? Hii ni dang'a." Hakunigeukia. "Ndama asipoipata hii, hata kesho kutwa haioni. Kwetu hakuna mtu anayekamua mpaka ndama ashibe."

"Na ukimpa maziwa ya kopo?"

"Nani? Ndama wangu?" Akacheka. "Nitakuwa nimerukwa na akili."

Nikamtazama. Mume wangu akajifanya anakagua kamba ya zizi. Mtoto wangu mgongoni akatoa sauti ile ya mtu anayetafuta chakula. Mama mkwe alimwangalia ndama, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Usinitazame hivyo," akasema.

"Sijasema kitu, mama."

"Umesema kwa macho. Mlete hapa anyonye, na wewe ukae chini, umesimama kama mgambo."

Jioni, tukiwa tunakula ugali na maziwa ya mgando, nilimsomea barua ya bosi. Alitaka asomewe na delivari. Aliposikia "badala ya saa mbili" aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyo bosi wako ana ng'ombe?"

"Anao wengi."

"Na ndama wake ananyonyaga?"

"Nadhani."

"Basi anajua anachokifanya," akasema, akaacha kula. "Mimi naenda Bunda."

Ndivyo tulivyopanga chumba Bunda, si mbali na stendi: mimi, mtoto na mama mkwe aliyeacha ng'ombe wake kwa shemeji. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Asubuhi naingia dukani. Saa nne mama mkwe anafika na mtoto, anakaa kwenye mzigo wa bati, mimi nanyonyesha nyuma ya mapipa ya rangi, dakika chache, narudi kaunta. Saa saba tena. Saa tisa tena. Wateja walimzoea. Wakulima waliokuja na hela za pamba kununua bati walianza kumsalimia yeye kwanza, na yeye akawashauri upana wa mlango wa zizi. Nina hakika tuliuza zaidi kwa sababu yake, ila sina delivari ya kuthibitisha.

Wiki ya tatu bosi akaja kukagua tawi. Alimkuta mama mkwe juu ya bati, mtoto mapajani. Kwa mila za kwetu, mwanaume hawezi kumfukuza mama wa umri ule hata kama amekalia mali yake. Ilibidi amsalimie. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye duka?"

"Ndiye mimi."

"Mama yako alikunyonyesha?"

Bosi akaangalia barabarani, kama kuna basi litakalomwokoa. "Alininyonyesha, mama."

"Muda mrefu?"

"Sikumbuki, mama."

"Mimi naona alikunyonyesha sana. Ulivyo na mwili huo. Sasa huyu mjukuu wangu amekukosea nini?"

Mteja mmoja akasema, "Mura, mjibu mama," kama kijana anavyoitwa kwetu. Bosi alikagua rafu ambazo hazikuwa na tatizo, akapanda gari, akaondoka bila kunywa chai. Nilikuwa nimemkaribisha kabisa.

Kesho yake likaja tangazo, limebandikwa mlangoni, na muhuri. Watoto hawaruhusiwi dukani wala uani, kwa usalama wao. Mfanyakazi haruhusiwi kuondoka kaunta saa za kazi kwa sababu yoyote isiyo ya kiofisi.

Siku mbili nilijaribu kutii. Mama mkwe alikaa chumbani na mtoto, mimi nikasimama kaunta tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza kifua kilikuwa kigumu kama jiwe la mwaloni, nikakamulia chooni, maziwa mazuri yanashuka kwenye shimo. Niliyaangalia yakishuka. Siku ya pili nikapata homa, ziwa la kushoto likawa jekundu, na mtoto jioni alinyonya kwa hasira mpaka akapaliwa. Mama mkwe alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakufanya utani hata mmoja. Nilijua nikiendelea hivyo wiki mbili tatu, maziwa yatapungua, na kopo litakuwa limeshinda kwa haki, kwa sababu ndipo nitakapolihitaji kweli.

Asubuhi nilifungua kadi ya kliniki nikatoa ile nakala ya njano. Nikapanda basi la Musoma na mtoto, mama mkwe pembeni yangu, kopo kwenye kikapu.

Ofisi ya kazi tulipokelewa na afisa, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza kama mtu aliyeshasikia mengi. Nilipompa delivari aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Hii ameandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Na muhuri."

"Hukumlazimisha?"

"Alitupigisha na makofi."

Akanyanyuka nayo, akaingia chumba cha pili. Nikasikia watu kama wanne wanacheka. Akarudi uso mkavu kabisa, akanipa karatasi na kalamu. "Andika vizuri, kwa ufupi. Matusi usiweke." Niliandika huku mtoto ananyonya, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine umeshika kalamu, na hakuna aliyetutoa nje. Hivi ndivyo nilivyoandika, naye akagonga muhuri wake kuthibitisha kwamba amepokea:

YAH: KUNYIMWA MUDA WA KUNYONYESHA

Mimi ni mfanyakazi wa duka la vifaa vya ujenzi na mama wa mtoto wa miezi minne na nusu. Mtoto huyu ananyonya na hajaanza chakula kingine. Maziwa ninayo. Mwajiri wangu amekataa kunipa muda wa kumnyonyesha ninaoruhusiwa na sheria, na badala yake alinipa kopo. Nilipolalamika alinihamishia Bunda. Mtoto aliponifuata Bunda, alipigwa marufuku kwa tangazo. Kwa sababu hiyo nimeugua ziwa, na mtoto anashinda na njaa.

Naomba yafuatayo. Nirudishwe Musoma. Nipewe saa zangu mbili kila siku ya kazi. Tangazo lifutwe.

Naambatanisha delivari, nakala ya njano, yenye sahihi yangu. Sahihi hiyo ni yangu na sikatai, ila nilichokipokea sikukiomba na nilichonyang'anywa badala yake hakikuwa mali ya duka.

Naambatanisha pia tangazo, nililolibandua mwenyewe.

Naambatanisha kopo. Naelewa kwamba mali ikishapokelewa hairudishwi, lakini naomba kulirudisha. Limepungua vijiko sita, ambavyo mlalamikiwa naye alivinywa.