Penseli ya Mzee wa Al Khuwair

Mzee anayetunzwa na Beryl, Mmarekani mweupe wa miaka themanini na sita anayeishi kwa bintiye huko Al Khuwair, mtaa wa Uarabuni, hana kelele. Huchonga penseli kwa kisu kidogo, hupuliza unga wake, kisha hutazama saa kabla ya kuandika lolote daftarini. Mikono yake haitetemeki hata kidogo. Kila neno lake lina “tafadhali”. Ijumaa, siku ya Beryl ya mapumziko na kanisa, dereva humtembeza mzee mjini kwa gari. Beryl alishawaambia Wakenya wenzake kwamba safari hii amepata mzee mpole.

Wiki hii mzee alimpa Beryl sanduku la karatasi zake za ujana azipange kwa miaka, maana kuna chuo kwao kinazitaka. Beryl alikaa sakafuni, akasoma. Zilikuwa barua za wazungu walioapa kwamba mtu mweusi hatapiga kura, na kurasa nyingi za penseli: “Yule mwalimu mweusi. Katoka kanisani saa tano na dakika kumi. Gauni la buluu. Yuko peke yake.” Ukurasa uliofuata: “Nyumba imechomwa.” Beryl aliitafuta tarehe.

“Umefika mwaka gani?” mzee aliuliza kutoka kitini.

“Sitini na nne, bwana.”

“Taratibu tu, tafadhali. Hatuna haraka.”

Akajikongoja kwenda msalani, daftari akaliacha wazi mezani. Beryl, ambaye hajawahi kumwambia anasali wapi, aliinama akasoma: “Ijumaa. Katoka kanisani Ruwi saa sita na dakika tano. Gauni la kijani. Yuko peke yake.”