Wageni wa Siku ya Samaki

Wiki jana nilisimama nyuma ya mama muuza samaki kutoka Asembo Bay, kwenye kaunta ya chama cha akiba hapa Kisumu. Alitaka mkopo wa friza. Karani naye alitaka kujua kama mapato yake yatalisha nyumba na bado yalipe deni.

"Mama, kwako mnakula watu wangapi?"

"Siku ya sukuma wiki, wanne." Akainua vidole vinne. "Siku ya samaki, mimi hujua nikishapakua."

Foleni ikacheka. Karani akashika kichwa. "Kompyuta inataka nambari moja, Mama. Niandike wanne upate friza?"

"Andika wanane, bwana. Nikisema wanne, nimefukuza watu wa Mungu mezani."

Karani akabonyeza, akatikisa kichwa. Mapato hayatoshi. Kisha akauliza polepole, "Hao wageni huja mikono mitupu?"

"Ai! Huyu na unga, yule na kuni, mwingine na mafuta."

"Si ungesema! Hayo pia ni mapato." Akabonyeza tena, akatabasamu. Mkopo ukapita.

Nilirudi nyumbani. Mimi nikikaanga samaki hufunga mlango, halafu jioni napiga magoti kuomba baraka ziingie. Sijui nilitaka zipitie wapi.