Jogoo wa Wimbo wa Tatu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya leseni, ofisi za kaunti hapa Kakamega. Mbele yangu alisimama mama mmoja na bintiye, na simu ya binti ilikuwa ikicheza hip hop ya zamani. Mama akachezesha bega, kisha akakunja uso.

"Hapa jogoo huwikanga."

"Jogoo gani, Mum?"

"Wa kaseti ya babako. Alinirekodia albamu mzima tukiwa sekondari. Ndiyo ilinifanya nipende rap. Wimbo wa tatu jogoo anawika, halafu kitu inaanguka, pu!"

Kaseti hiyo niliirekodi mimi, redio mbili zikitazamana kitandani, nyumba nzima nimeinyamazisha. Jogoo wa mama yangu ndiye aliyekataa amri. Ile "pu" ni kiatu nilichomrushia. Kisha jamaa tuliyekaa naye dawati moja akaiazima kaseti wikendi moja tu, akarudi na habari kwamba redio yao imeimeza.

"Mzee wako alisema jogoo ni wa nani?" nikamuuliza yule mama.

"Wa kwao," akajibu, akitabasamu kama msichana. "Mpaka leo jogoo akiwika namkumbuka."

Mimi nikicheza albamu hiyo kwangu, naambiwa nipunguze kelele.

Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Lakini shahidi wangu wa pekee tulimla kwa obusuma, ugali wetu, Krismasi ya mwaka ule ule, na mimi ndiye niliyemchinja.