Chai ya Vijiti

Wenzangu, leo mke wa mwanangu alitaka kunilisha dawa.

Ama ndivyo nilivyofikiri.

Mvua imenyesha Nakuru tangu asubuhi, na mimi nimekuja kuwatembelea hapa nyumba za reli. Rhoda akaniletea chai ya maziwa. Ndani, vijiti vinaelea!

"Hiki ni nini?"

"Mdalasini, mama. Na iliki, na tangawizi. Nimefunzwa na yule mama Mhindi ninayemfanyia kazi."

Mhindi! Huko Njoro, kwa shamba la mzungu, sisi tunatia majani, maziwa na sukari, basi.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza. Nikamwambia aonje. Akamaliza kikombe chote.

Sikuridhika. Nikamwita jirani. Akanywa, akaomba kingine.

Mwanangu akaingia kutoka kazini, amelowa chapachapa.

"Na wewe onja."

Akanywa viwili.

Nikangoja. Hakuna aliyeanguka.

"Haya, sasa nipe yangu."

Rhoda akainamisha sufuria. Vijiti vitupu.

"Hata maziwa yamekwisha, mama."

Mvua bado inanyesha. Hao watatu wanapanguza midomo huku wakiangaliana.

Niambieni ukweli: walikuwa wanaonja, ama walikuwa wamepanga?