Mtandio wa Mama Balbir

Andika, mjukuu wangu, wala usinirekebishe. Jumamosi iliyopita rafiki yako Harpreet, mwanafunzi mwenzako wa Kipunjabi, alikuja hapa kwetu Harrow, huku ughaibuni. Ulipousifu mtandio wake kwa Kiingereza, alisema asante, basi. Nilipousifu mimi kwa Kiswahili, lugha aliyoirithi kwa bibi yake, aliuvua akasema, "Ni wako, bibi." Nilimtazama kwa shaka. Msichana mmoja, majibu mawili?

Nilikuwa mtoto Mwanza, na mama yangu alifua nguo kwa Mama Balbir, mke wa seremala wa Kipunjabi. Alasiri moja nilipomfuata mama kazini, ua ulinukia samli na bizari, na msumeno ulikuwa ukilia karakanani. Mama Balbir alitoka amejitanda mtandio wa rangi ya zafarani.

"Mtandio wako mzuri," nikamwambia.

Akauvua, akaninyooshea. "Wako huu. Chukua."

Sasa ndipo najua kwamba kwao Wapunjabi hayo ni majibu ya heshima tu, na hakuna anayetazamiwa kuchukua. Siku ile niliona mtego: nikiushika, nitaitwa mwizi, na mama atafukuzwa kazi. Nikaficha mikono mgongoni.

"Sitaki," nikasema kwa sauti. "Kumbe ni mbaya."

Msumeno ulinyamaza. Mama Balbir alijitanda tena taratibu, akaingia ndani.

Njiani kurudi nyumbani mama alinifinya sikio. "Kwa nini umemtukana mama wa watu?"

"Sikumtukana, mama," nikamjibu kwa majivuno. "Nimekuokoa."