Mlango Uliosemekana Umefungwa

Mama Pacha, kama wenzake walivyomwita, aliandika programu za lifti. Kipande kimoja cha msimbo uliotumiwa na timu tatu kilijibu swali moja: mlango umefungwa? Alikiandika kijibu kwa namba: moja ni ndiyo, sifuri ni hapana, na hasi moja ni sijui, pale kihisi cha mlango kinapoharibika.

Jumatatu alikuta jirani yake wa meza amekibadilisha kijibu kweli au si kweli tu.

"Dada, swali la ndiyo na hapana, namba za nini?"

"Na 'sijui' umeiweka wapi, kaka yangu?"

"Ah, kihisi hakiharibiki ovyo."

Mkuu wao, macho kwenye simu, akasema msimbo mpya unapendeza, uachwe. Mama Pacha akawaeleza kwamba katika C, lugha ya programu waliyoitumia, namba yoyote isiyo sifuri hapo hugeuka kweli, kwa hiyo "sijui" sasa inasomeka "ndiyo". Alisema mpaka mate yakamkauka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Alhamisi, kwenye lifti ya majaribio, waya wa kihisi ulichomoka. Lifti ikapanda mlango ukiwa wazi, ikamng'oa soli ya kiatu fundi aliyekuwa mlangoni. Fundi akatoka anatukana.

Namba zikarudishwa siku hiyohiyo. "Basi, tumejifunza," mkuu akasema.

"Mmejifunza nyinyi," Mama Pacha akamjibu, akiifunga kompyuta kwa kishindo. "Mimi nimechoka tu."